Shajara ya mradi: kahawa ya Mathira, bei ya New York

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mada imekubaliwa. Tuko watatu, wote mwaka wa nne wa Biashara ya Kimataifa: mimi, mwenzangu wa kutoka Bungoma, na mwenzangu wa kutoka Mombasa. Tutaifuata kahawa ya kiwanda kimoja cha ushirika huko Mathira, Nyeri, tangu inapowekwa kwenye mizani hadi inapoingia melini Kilindini, bandari ya Mombasa. Swali tulilowasilisha ni hili: katika kila dola inayolipwa na mnunuzi wa nje, nani anachukua kiasi gani?

Sababu yangu ni ya nyumbani. Shosho, bibi yangu, ana miti 214 ya kahawa. Tangu nijiunge na chuo, kila nikienda kumwona huniuliza jambo lile lile: "Wewe unayesomea biashara ya nje, kahawa yangu huko nje inauzwa pesa ngapi?" Huu ni mwaka wa nne na sijamjibu. Nimejifunza faida linganishi, naweza kueleza mfano wa Ricardo wa divai ya Ureno na nguo za Uingereza, lakini kwa swali hilo moja sina tarakimu ya kumpa.

Mwenyekiti wa kiwanda amekubali tuone vitabu vyake, kwa sharti kwamba jina la kiwanda lisiandikwe popote.

Jumanne, 21 Januari

Leo mnada wa kahawa. Hufanyika siku ya Jumanne katika jengo la Wakulima House, Nairobi, kando ya barabara ya Haile Selassie. Tumeruhusiwa kuketi nyuma bila kupiga picha.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele kama za soko la Marikiti asubuhi. Hakuna. Wanunuzi wamekaa kimya mbele ya skrini, loti (fungu la kahawa linalouzwa pamoja) inatajwa, bei inapanda kwa kubonyeza kitufe, loti imeondoka. Uamuzi wenyewe ulifanyika siku kadhaa kabla, kwenye meza za kuonja, kwa sababu kila mnunuzi hupelekewa sampuli mapema. Bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa mfuko wa kilo 50, na ni kahawa safi iliyokwisha kukobolewa kinuni.

Madaraja tuliyokuwa tukiyakariri darasani hapa yanaitwa kama majina ya watu: AA, AB, PB, C, TT, T. Tofauti ya AA na AB ni ukubwa wa punje tu, kwamba AA ndizo zilizobaki juu ya chekecheke lenye matundu makubwa zaidi. PB ni punje ya mviringo, pale tunda lilipokuza kokwa moja badala ya mbili. Mkulima hajui atapata AA kiasi gani mpaka kinu kimalize kazi, na kufikia hapo kahawa imekwisha kutoka mikononi mwake miezi kadhaa.

Jambo moja la kuingiza katika sura ya pili: kwa kuwa mnada ni wa dola, shilingi nayo ni mchezaji. Januari mwaka jana dola moja ilipita shilingi 160. Sasa ni kama 129. Mfuko uleule wa dola 250 ulileta shilingi 40,000 wakati ule, leo unaleta 32,250. Mnunuzi hajapunguza hata senti, na mkulima amepoteza karibu shilingi 8,000 kwa kila mfuko. Mwaka jana shilingi ilipopata nguvu, hapa mjini tulishangilia sote, hata mimi.

Jumapili, 2 Februari

Tumerudi leo kutoka Mathira, tulikokuwa tangu jana. Nimechoka lakini nitaandika yote usiku huu kabla hayajachanganyika.

Tulipanda matatu ya Karatina saa kumi na mbili asubuhi. Kiwandani msimu mkuu umekwisha. Vitandani imebaki kahawa ya mwisho yenye ganda, akina mama wanaigeuza kwa mikono na kuokota punje mbovu. Karani wa mizani alitupa kitabu chake na saa nzima ya muda wake. Mkulima huleta matunda mekundu, huyamwaga juu ya gunia na kutenga mabichi na yaliyokauka, ndipo hupimiwa. Anapewa risiti yenye kilo. Bei haimo kwenye risiti, kwa sababu siku hiyo hakuna binadamu anayeijua.

Hapo ndipo mwenzangu wa Mombasa alipomuuliza karani kitu ambacho mimi, niliyekulia kwenye harufu ya maganda ya kahawa, sikuwahi kukiona kuwa cha ajabu: "Kwa hiyo watu wanakabidhi mali yao Oktoba bila kujua watalipwa nini?" Karani akajibu, "Ndivyo ilivyo, dada. Wanajua ni ngapi mwaka uliopita, basi."

Kipimo cha kushika: kilo saba hivi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi. Risiti za shosho za msimu huu zinafika kilo 1,200. Kwa hiyo kahawa yake iliyo tayari kusafirishwa ni kama kilo 170. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Ili kulijaza unahitaji wakulima 113 kama yeye.

Jioni shosho alitukalisha jikoni. Nilipomwambia kwamba bei ya New York, soko la mikataba ambalo bei yake hufuatwa na wauza kahawa duniani, inakaribia dola 4 kwa ratili na kwamba rekodi ya 1977 ilivunjwa Desemba, alinyamaza kidogo, kisha akatuonyesha paa. "Mabati haya ni ya mwaka huo." Baridi kali iliunguza mashamba ya Brazili Julai 1975, bei ikapaa, na mlima wote huu ukaezeka mabati. Mwenzangu wa Bungoma akadakia kwamba kwao miaka hiyo inaitwa Chepkube, jina la soko la mpakani ambako kahawa ya Uganda ilivushwa usiku. Shosho hakuwahi kuisikia. Walizungumza wawili hao kwa nusu saa, mimi nikiandika. Sikuwa nimewaza kwamba baridi ya Brazili ingeweza kuwaunganisha kijana wa Bungoma na bibi wa Mathira waliokuwa hawajuani.

Kisha akaja kwenye 1989. Yeye husema tu "mwaka kahawa ilipokufa". Sisi tunasema Julai 1989 ulivunjika mfumo wa migao uliokuwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ambao ulizigawia nchi kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Ni tukio moja. Baada yake alipanda maharagwe katikati ya mistari ya kahawa, kwa kuwa maharagwe yangelika.

Jirani yake aliingia kuomba moto. Katika mazungumzo akataja, kana kwamba si jambo kubwa, kwamba Novemba aliuza sehemu ya matunda yake kwa kijana wa pikipiki asiye na leseni, shilingi 70 kwa kilo, pesa mkononi. Nimeandika hilo pembeni mwa daftari na alama ya kuuliza. Sijui bado ni la sura gani.

Jumatano, 12 Februari

New York imevuka dola 4 kwa ratili. Haijawahi kufika hapo. Nimefanya hesabu ambayo nadhani shosho ndiyo aliyokuwa akiniomba miaka yote:

Kilo moja ni ratili 2.205, kwa hiyo dola 4 kwa ratili ni dola 8.82 kwa kilo. Kwa shilingi 129, hiyo ni 1,138 kwa kilo ya kahawa safi. Gawanya kwa saba: shilingi 162 kwa kilo ya matunda.

Hiyo ni kabla ya gharama yoyote, na kahawa nzuri ya Kenya huuzwa juu ya bei ya New York, kwa hiyo si dari kamili. Lakini ni mahali pa kusimama. Kiwanda kikitangaza malipo tutalinganisha.

Alhamisi, 20 Februari

Nyaraka za usafirishaji. Mwenzangu wa Mombasa ameandika sehemu hii karibu peke yake, mjomba wake ni wakala wa forodha. Masharti yanayotumika sana kwa kahawa ni FOB Mombasa: muuzaji anabeba gharama na hatari mpaka mzigo uwe juu ya meli, baada ya hapo ni juu ya mnunuzi. Masharti haya ya Incoterms yalitolewa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara (ICC) cha Paris, na toleo la 2020 lina 11. Mwezi huu meli nyingi za kwenda Hamburg na Antwerp bado zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023. Imekamilika, imeingia sura ya tatu.

Jumanne, 4 Machi

Kiwanda kimetangaza: shilingi 105 kwa kilo ya matunda.

Shosho amefurahi, ni zaidi ya mwaka jana. Mimi nimekaa na 162 yangu na 105 yake, na tofauti ya 57 imeninyima usingizi. Kwa kilo 1,200 ni shilingi 68,400. Nimeandika usiku kurasa nne zenye hasira. Mwenzangu wa Bungoma amezisoma na kuniambia taratibu kwamba nimeandika hukumu kabla ya ushahidi. Ana haki. Nimeziweka kando.

Jumatano, 12 Machi

Siku muhimu kuliko zote mpaka sasa.

Mwenyekiti alitutumia picha za hati za mauzo, loti kwa loti. Tumezipanga kwa tarehe. Sehemu kubwa ya kahawa iliuzwa kabla ya Februari, bei ilipokuwa bado inapanda. Hizo loti hazikuwahi kuionja dola 4. Tarehe peke yake imekula zaidi ya nusu ya ile 57. Kilichobaki ni kinu, usafiri, dalali wa mnada, mishahara ya kiwandani, na deni la mashine ya kumenyea. Makato mengine yanahitaji maswali na tutayauliza, hasa ya usafiri. Lakini ile picha niliyokuwa nayo kichwani, ya mtu mmoja aliyesimama njiani na mfuko wazi, haimo katika karatasi hizi.

Tuliyapeleka haya kwa msimamizi. Alisikiliza, akauliza: "Muda huo wote bei ikipanda na kushuka, nani alikuwa amelala salama?"

Tukaanza kuhesabu. Kampuni inayonunua mnadani hupiga simu siku hiyo hiyo na kujikinga New York kwa mkataba wa bei ya mbele. Bei ikianguka wiki ijayo, mkataba unaifidia. Mkataba mmoja wa pale ni ratili 37,500, tani 17. Kilo 170 za shosho ni asilimia moja ya mkataba mmoja. Mchomaji wa Hamburg naye amejikinga. Benki iliyowakopesha wote wawili ina dhamana. Kinu na dalali wanalipwa ada yao bei iwe juu au chini. Aliyebaki nje mvuani kuanzia Oktoba hadi Machi ni yule aliyepewa risiti ya kilo isiyo na bei.

Na hapo nikakumbuka jirani na pikipiki. Aliuza kwa 70 Novemba. Angengoja angepata 105 Machi. Zile 35 ndizo alizolipa ili asingoje. Tulikuwa tumezirekodi tayari, pembeni, na alama ya kuuliza.

Tumebadilisha swali la mradi. Sasa ni: nani hubeba hatari ya kungoja, na anailipia kiasi gani? Wiki nane za kazi zinapangwa upya. Sijali.

Jumamosi, 22 Machi

Ramani. Hii tuliiahidi kama shukrani kwa kiwanda na imekuwa kazi kuliko tulivyodhani.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka kahawa inayoingia huko, pamoja na kakao, mawese, soya, mpira, mbao na mazao ya ng'ombe, ithibitishwe kwamba haikutoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji ulisogezwa kwa mwaka mmoja; ninapoandika haya tarehe iliyopangwa ni 30 Desemba 2025 kwa kampuni kubwa na za kati. Shamba lililo chini ya hekta nne linahitaji nukta moja ya viwianishi, yaani latitudo na longitudo, yenye tarakimu sita baada ya desimali. Kwa lugha ya Mathira: kila shamba, simu mkononi, simama katikati, andika.

Tulipopakia kundi la kwanza kwenye ramani ya setilaiti, mashamba arobaini ya Nyeri yalitokea baharini, kusini-mashariki mwa Hispania. Latitudo na longitudo zilikuwa zimebadilishana safu. Tulipozirekebisha, kumi na moja bado yalikuwa Laikipia, kaskazini mwa Ikweta, kwa sababu ya alama moja ya kutoa iliyoachwa. Mathira iko kusini mwa Ikweta kwa nusu digrii tu, kwa hiyo kosa linaonekana kama la kweli: ni Kenya, kuna nyasi, kuna miti. Angelikuta afisa wa Ulaya asiyeijua nchi, angeandika kwamba kahawa hii inatoka kwenye mbuga. Tumeyapitia yote, moja moja, na karani kwenye simu akitutajia mto na shule iliyo karibu.

Hili nalo tunalirudisha kwenye swali letu. Nukta zile zina thamani: bila nukta hakuna Hamburg. Mkulima amezitoa bure, zitakaa kwenye kompyuta ya msafirishaji, na akitaka kuuza kwa mwingine mwakani atapimiwa upya. Kwa hiyo tumeamua nakala ya kwanza ni ya kiwanda, imechapishwa kwenye karatasi, na kila mkulima anaweza kuomba mstari wake.

Alhamisi, 3 Aprili

Jana Marekani imetangaza ushuru mpya, Kenya asilimia 10. Marekani ni kati ya wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu. Darasani kulikuwa na mjadala mkali kuhusu nani atabeba hiyo kumi. Wengi walisema mnywaji wa Marekani. Nadhani inategemea nani amekwisha kufunga bei yake na nani bado. Tumeongeza ukurasa mmoja.

Jumamosi, 26 Aprili

Mathira tena. Nyumba kumi na moja, mahojiano ya taratibu, bila kuandika majina. Tuliuliza nani aliwahi kuuza nje ya kiwanda, lini, na kwa sababu gani. Watu walisita, kisha wakafunguka walipoona hatuandiki majina. Waliouza waliuza Novemba, au wiki shule zilipofunguliwa Januari. Hakuna aliyesema aliiona 70 kuwa bei nzuri. Shosho, ambaye hakuuza, alikuwa amekopa kwenye sako, chama cha akiba na mikopo, kumlipia karo binamu yangu wa kidato cha tatu. "Subira huvuta heri," alisema, "lakini karo haina subira."

Tukirudi tulipita Kabete, nje ya maabara za kilimo za Waiyaki Way. Herufi SL katika SL28 na SL34, aina zilizoipa kahawa ya Kenya jina duniani, zinatokana na Maabara ya Scott iliyokuwa hapo. Zilichaguliwa miaka ya 1930. Miti ya shosho mingi ni SL28. Nimepita hapo kwa matatu pengine mara mia mbili.

Mwenzangu wa Mombasa anataka tuongeze kwamba jibu ni kuchoma kahawa yetu hapa hapa. Nimepingana naye njia nzima. Kahawa mbichi inaingia Ulaya bila ushuru tangu zamani, iliyochomwa hutozwa asilimia 7.5, lakini kwa Kenya hiyo nayo ni sifuri chini ya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Mlango uko wazi, na bado kinachopita ni magunia ya kahawa mbichi. Kwa hiyo ushuru si kizuizi kikuu. Mtaji wa kungoja ndio. Anayechoma lazima anunue leo, achome, asafirishe, kisha angoje malipo ya duka la Ujerumani. Amekubali nusu. Tumeandika nusu hiyo.

Ijumaa, 16 Mei

Tumewasilisha. Mtahini wa pili alitubana kuhusu makato ya usafiri, na ni kweli hatukupata jibu lililoridhisha; tuliandika hivyo. Pendekezo letu kuu lilibaki moja: malipo ya awali kwa kilo siku matunda yanapopimwa, yakidhaminiwa na hati za ghalani (hati za kahawa iliyohifadhiwa ghalani), ili mkulima awe na kitu Novemba. Tulionyesha hesabu yake kwa kiwanda hiki. Inawezekana hata bei ikianguka kwa theluthi.

Jioni nilimpigia shosho. Nikamwambia: kahawa yako, shosho, huko nje mwezi wa pili ilikuwa shilingi 1,138 kwa kilo, iliyokobolewa, na kilo hiyo ni saba za kwako. Akaniambia nirudie polepole. Nikarudia. Akauliza kama nimeiandika mahali, nikamwambia iko ukurasa wa kumi na tisa. Kisha: "Na Novemba hii?"

Yaliyobaki: nukta za mashamba tisa ng'ambo ya mto, daraja lilikuwa limejaa maji Aprili. Barua ya mwenyekiti kwa sako kuhusu malipo ya awali, nimeahidi kuiandika rasimu kufikia Jumatano. Hati tatu za usafiri. Karatasi za nukta zimechapishwa, nitazipeleka Jumamosi ijayo.